Jinsi ya kupima mwenyewe kama titaniamu "inakula moshi", ukiwa na sementi nyeupe, jua la pwani na simu yako

Kuna jamaa alikuja shuleni kwetu kuuza rangi ya ukuta, anasema hii rangi inakula moshi wa magari, ukipaka ukuta wa nje ni kama umepanda msitu, sasa mkuu akaniita kwa vile mimi ndo nafundisha kemia akaniuliza, mwalimu hii kitu ni kweli? Nikamwambia kemia yake ni ya kweli kabisa, lakini kama huu mkebe hapa mezani unafanya kazi hiyo sijui mpaka upimwe. Jamaa akasema vipimo vilishafanywa Ulaya. Basi hatukununua. Ila watoto wa klabu ya sayansi walishasikia, na madarasa yetu yako kando ya barabara malori yanapita kutwa, wawili kati yao wana pumu, wakasema si tupime wenyewe. Hii naandika hapa ndio njia tuliyofika nayo, na naiandika kwa urefu kwa sababu nataka na wewe uifanye, manake hizi bidhaa zinaendelea kuletwa.

Kwanza uelewe kinachotokea. Titaniamu dioksidi ni ule unga mweupe uliomo kwenye karibu kila rangi nyeupe duniani. Ukiwa wa aina inayoitwa anatasi, ukipigwa na mwanga wenye nguvu ya kutosha elektroni inaruka kutoka mahali pake inaacha tundu nyuma, elektroni inadakwa na oksijeni ya hewani, tundu nalo linanyang'anya elektroni kutoka kwa maji yaliyoshikamana na unga, hapo zinazaliwa radikali za haidroksili na hizi ni kali mno, zinararua karibu kila uchafu wa kikaboni uliogusa unga. Gesi za naitrojeni oksidi zinazotoka kwenye eksozi nazo zinaoksidishwa hatua kwa hatua mpaka zinakuwa naitreti, ambayo ni chumvi tu, inakaa ukutani hadi mvua iioshe. Unga wenyewe hauliwi, ndio maana unaitwa kichocheo, na kwa vile unaamshwa na mwanga tunasema fotokatalisisi. Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, ndio walioipa umaarufu mwaka 1972 walipoonyesha kwenye jarida la Nature kwamba elektrodi ya titaniamu dioksidi ikimulikwa ndani ya maji inayapasua maji.

Sasa hilo neno "mwanga wenye nguvu ya kutosha" ndilo linalowaponza watu. Anatasi inahitaji nishati ya 3.2 eV (elektroni-volti), maana yake mwanga wa mawimbi mafupi kuliko nanomita 388 hivi, yaani UV, ule mwanga wa urujuanimno ambao macho hayauoni. Katika jua lote UV ni kama asilimia 5 tu. Balbu ya LED nyeupe ya nyumbani kwako haina UV ya maana, kwa hiyo mtu akikuuzia rangi ya kawaida ya anatasi ya kupaka sebuleni eti isafishe hewa usiku, hapo hakuna kinachofanyika. Hata zile tochi za zambarau za kukagulia noti dukani nyingi ni nanomita 395, ziko nje kidogo ya mpaka, tafuta iliyoandikwa 365 kama unataka kufanya jaribio ndani. Sisi tulitumia jua, linatosha na ni bure.

Kupata unga

Hapa usiende haraka, hapa ndio majaribio mengi yanafia. Ukienda dukani ukasema nipe titaniamu, utapewa ile ya rangi, na ile ya rangi kwa kawaida ni rutili, aina nyingine ya titaniamu dioksidi, iliyofunikwa na ngozi nyembamba ya alumina au silika makusudi ili ISIFANYE fotokatalisisi, manake ikifanya itakula rangi yenyewe na ukuta utaanza kutoa unga ukiupapasa kama ubao wenye chaki. Yaani kiwanda kimelipia pesa kuizima kazi unayoitaka wewe. Tuliinunua hio mara ya kwanza, tukakaa juani siku nzima hakuna kitu.

Unachotaka ni anatasi isiyofunikwa. Duka la kemikali za maabara watakuwa nayo au watakuagizia, na inayotajwa sana na watafiti ni P25, ambayo ni mchanganyiko wa anatasi kama asilimia 80 na rutili 20, chembe zake ni nanomita 20 na kitu, na gramu moja ukiitandaza uso wake wote unafika kama mita mraba 50. Wanaotengeneza sabuni nao wanauza anatasi ya kawaida, chembe zake ni kubwa zaidi kwa hiyo inaenda polepole lakini kwa somo la shule inafaa, bora muuzaji akuonyeshe karatasi inayosema ni anatasi na haijafunikwa.

Na kabla watu wa huku kwetu hawajaniuliza, mchanga mweusi wa Kwale, hapa pwani ya Kenya, haufai. Ni kweli pale palichimbwa madini ya ilmenaiti na rutili kuanzia mwishoni mwa 2013 mpaka Desemba 2024, mzigo ukipakiwa melini Likoni, lakini ilmenaiti ni titaniamu iliyofungana na chuma, mpaka ipite kiwandani kwenye asidi ya salfuriki au klorini ndio utoke unga mweupe. Inaniuma kila nikifikiria, tumeuza mchanga miaka 11 na unga tunaagiza kwa gramu, lakini hilo la siku nyingine.

Usalama mapema: unga huu ni mwepesi, unaruka. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliuweka mwaka 2006 kwenye kundi 2B, yaani huenda ukasababisha saratani ukivutwa kama vumbi. Vaa barakoa ya maana, zima feni, pima taratibu na ulowanishe haraka, ukishalowa hatari ya kuuvuta imeisha. Sementi nayo inaunguza ngozi, vaa glavu, usiwaachie watoto waikande kwa mikono mitupu.

Kutengeneza vigae

Tulijaribu kwanza kupaka unga kwenye vioo ukawa unabanduka, alafu mtu mmoja akapendekeza gundi ya mbao. Usitumie gundi, inafunika chembe zote na kile kilichobaki wazi kinaanza kula gundi yenyewe. Sementi ndio rafiki wa kazi hii, na si ujanja wetu, kanisa la Jubilee kule Roma lililochorwa na Richard Meier likafunguliwa 2003 lilijengwa kwa sementi nyeupe yenye titaniamu ya kampuni ya Italcementi, lengo la mwanzo likiwa tu libaki jeupe.

Chukua sementi nyeupe ile ya kujazia katikati ya vigae vya bafuni, ila soma mfuko, isiwe iliyochanganywa na plastiki ya kuifanya isipitishe maji. Pima gramu 285 za sementi na gramu 15 za unga wa titaniamu, hiyo ni asilimia 5. Unga uloweshe kwanza kwenye maji, kama mililita 130 hivi, ukoroge sana mpaka uwe kama maziwa bila mabonge, ndio umimine sementi kidogo kidogo ukiendelea kukoroga, ongeza maji kijiko kijiko ikiwa nzito. Ukiweka unga mkavu kwenye sementi kavu utaruka na pia hautaenea vizuri. Mimina kwenye mifuniko ya mikebe ya siagi, utapata vigae sita. Kisha rudia vilevile gramu 300 za sementi tupu, vigae sita vingine. Usivifanye siku tofauti, wala kwa mfuko tofauti. Andika alama nyuma kabla havijakauka, la sivyo utavichanganya na vyote ni vyeupe.

Kesho yake vitoe, vifunge kwenye kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki siku saba, kisha viache vikauke kivulini siku tatu nne. Uso uliogusa plastiki unakuwa umeng'aa na umejifunga, uusugue kidogo na msasa huku ukiwa umelowa, vyote kumi na mbili kwa nguvu ile ile.

Rangi ya bluu

Hewa haionekani, kwa hiyo tunaanza na uchafu unaoonekana. Waitaliano wana kipimo rasmi cha sementi za namna hii, UNI 11259, wanapaka rangi nyekundu iitwayo rodamini kwenye kigae wanaangalia imepauka kiasi gani baada ya saa 4 na baada ya saa 26 za mwanga wa UV. Sisi tulitumia methilini bluu kwa sababu iko kwenye kila maabara ya bayolojia na wanaofuga samaki wanayo. Ikiwa chupa yako ni ya asilimia 1, mililita moja uiongeze maji mpaka ifike mililita 100. Kwa bomba la sindano la mililita moja la famasi, dondosha nusu mililita katikati ya kila kigae, polepole, tone juu ya tone. Acha vikauke usiku kucha ndani ya kabati lenye giza.

Asubuhi vigawe hivi: vitatu vya titaniamu na vitatu vitupu vinaenda juani, vitatu vya titaniamu na vitatu vitupu vinabaki kwenye boksi limefungwa na foili, na boksi liwe hapohapo nje ili lipate joto lile lile. Najua boksi la giza linaonekana kama usumbufu tu. Lakini methilini bluu inapauka yenyewe juani hata bila titaniamu, tena sementi ni alkali inaibadilisha kidogo hata gizani, sasa bila hivi vigae vingine utaona bluu imepotea utashangilia na hujui umeshangilia nini. Kama kuna kitu kimoja nataka mtu atoke nacho hapa ni hicho, kigae kitupu kina thamani sawa na chenye dawa. Yule muuza rangi alikuwa na picha za ukuta kabla na baada, hakuwa na ukuta wa pili.

Vitoe saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, jua likiwa kali. Ukivifunika ili vumbi lisiingie tumia kioo chembamba cha dirisha, kinapitisha sehemu kubwa ya hii UV tunayoitaka, ila usitumie yale mabati ya plastiki angavu ya kuezekea, mengi yamewekwa dawa ya kuzuia UV.

Simu ndio kipimo

Piga picha ya kila kigae kabla ya kukitoa na kila baada ya saa moja, mahali pamoja pa kivuli, urefu uleule, flashi imezimwa, na pembeni yake weka karatasi ile ile nyeupe. Tumia programu yoyote inayoonyesha namba za nyekundu, kijani na bluu za sehemu ya picha. Sasa hapa watu wanasoma namba ya bluu kwa vile doa ni bluu, hapana, methilini bluu inameza mwanga mwekundu kwa hiyo namba inayobadilika sana ni ya NYEKUNDU, hiyo ndio usome. Karatasi ikisoma 230 asubuhi na 215 baadae, simu imebadilisha mwanga wake, zidisha namba zako za baadae kwa 230 gawanya kwa 215.

Hesabu yenyewe ni hivi, mfano kigae kisafi kinasoma 220, chenye doa asubuhi 120, baada ya saa 4 kinasoma 170. Kimepanda 50 kati ya 100 iliyowezekana, kwa hiyo asilimia 50 ya doa imeondoka. Fanya wastani wa vitatu, toa ulichopata kwenye vigae vitupu vya juani, na angalia pia vya titaniamu vilivyokaa gizani, kama navyo vimepauka sana basi kuna kitu kingine kinaendelea kwenye mchanganyiko wako. Kamera ya simu haipimi rangi kwa usahihi wa mashine kwa hiyo hizi asilimia ni za kulinganisha kigae na kigae siku ile ile, usizipeleke kwenye ripoti kama ni namba za maabara.

Kwetu vya P25 vilianza kuonyesha tofauti kwa macho kabla ya adhuhuri, na nilivyoona sura za wale watoto wakiangalia picha zimepangwa pamoja, kweli nilijua tumefanya jambo.

Sasa hewa yenyewe

Doa la bluu linakwambia unga uko hai, halikwambii hewa imesafishwa. Kwa hewa tulifanya hivi: osha vigae na maji ya betri, yaani maji yaliyosafishwa na sio asidi ya betri, mara kadhaa mpaka maji ya mwisho yakipimwa naitreti yasome sifuri. Usitumie maji ya kisima, ya huku kwetu mengi yana naitreti tayari. Kisha vitundike kando ya barabara, chini ya kipenu kinachozuia mvua lakini jua linafika, vya titaniamu na vitupu bega kwa bega, wiki mbili. Virudishe, kila kigae ukiloweshe kwenye mililita 20 za maji ya betri nusu saa, pima maji hayo na vile vipande vya karatasi vya kupimia naitreti kwenye matangi ya samaki. Vitupu navyo vitakuwa na kidogo kutoka kwenye vumbi, unachotafuta ni ziada. Rangi itakuwa hafifu, ukiona huwezi kutofautisha changanya vigae vitatu kwenye maji yale yale mililita 20. Ile ziada ndio gesi ya eksozi iliyokamatwa kweli, na mpaka leo hakuna kitu shuleni kimenifurahisha kama kile kipande cha karatasi kugeuka waridi.

Usijaribu kutengeneza gesi ya naitrojeni oksidi mwenyewe kwa shaba na asidi ya naitriki ili uvijaribu vigae haraka. Inaharibu mapafu, na wakati mwingine unaanza kuumwa saa kadhaa baadae ukiwa umeshalala.

Mpaka kwenye mtaa mzima

Turudi kwa yule jamaa na vipimo vyake vya Ulaya. Mwambie akuonyeshe matokeo ya ISO 22197-1, hicho ndicho kipimo kinachotambulika. Kisha ujue kinafanyikaje: kipande cha sentimita 5 kwa 10, UV-A (ile UV iliyo karibu na mwanga unaoonekana) ya wati 10 kwa mita mraba imewaka saa 5 mfululizo, hewa yenye NO, yaani naitriki oksidi, sehemu moja kwa milioni inapita lita 3 kwa dakika, na nafasi ya kupita juu ya kipande ni milimita 5. Milimita tano! Hewa yote inalazimishwa kuugusa uso. Barabara ina upana wa mita 20.

Piga hesabu na mimi. Mtaa wa mita 20 upana, nyumba mita 10 kwenda juu pande zote mbili, zote umezipaka. Kila mita moja ya mtaa ina hewa mita za ujazo 200 na ukuta mita mraba 20. Tuseme gesi inaliwa ukutani kwa kasi ya sentimita nusu kwa sekunde, na hapo nimekuwa mkarimu. Hewa ingehitaji kukaa kama sekunde 2,000 ndio sehemu kubwa iliwe, na upepo wa mita moja kwa sekunde unaivusha mtaa wa mita 100 kwa sekunde 100 tu. Unapata asilimia 5 hivi, mchana wa jua. Kasi ikiwa moja ya tano ya hiyo, asilimia 1. Usiku sifuri.

Na ndicho walichokuta. Kwenye handaki la Leopold II mjini Brussels watafiti walipaka kuta na dari, wakaweka taa za UV, wakapima, upungufu wa naitrojeni oksidi ukawa mdogo kuliko makosa ya vipimo, wakasema haukuzidi asilimia 2. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa ubora wa hewa la serikali ya Uingereza nalo likaandika kwamba ushahidi ni mdogo sana kuwa kupaka rangi hizi kwa wingi kutashusha NO2, yaani naitrojeni dioksidi, mitaani. Tena kuna madhara yake, NO ikioksidishwa nusunusu inatoka kama NO2 ambayo ni mbaya zaidi kuvuta, inaweza kutoa asidi ya naitrasi, na rangi yenye akriliki inaweza kumeng'enywa ikatoa formaldihaidi. Kwa hiyo ndani ya darasa mimi siwezi kuikubali kabisa. Na chembe ndogo za moshi, zile PM2.5 za dizeli, mkaa na takataka zinazochomwa jioni, rangi haizivuti kutoka hewani hata kidogo, na hizo ndizo zinazowabana kifua watoto wangu. Pesa za mkebe tulizipeleka kwenye miti mirefu ya uzio? Hapana, tulihamisha darasa la wenye pumu upande wa nyuma, mbali na barabara, na tukaacha kuchoma takataka shuleni. Bure.

Ukitaka kuendelea mbele

Mimi bado naipenda hii kemia, na tatizo lake kubwa, ile njaa ya UV, ndilo watafiti wa nyenzo wanalihangaikia sasa. Wengine wanachomeka naitrojeni au chuma ndani ya titaniamu ili imeze mwanga wa kawaida. Nyingine ni kaboni naitraidi, unga wa njano hafifu unaoamka kwa 2.7 eV, yaani mwanga wa bluu mpaka nanomita 460, na inatengenezwa kwa urea. Kama chuo chako kina tanuru na kabati la kuvutia gesi, weka gramu 10 za urea ya maabara kwenye kikombe cha udongo wa maabara chenye mfuniko, panda taratibu mpaka nyuzi 550, iache saa 2 au 3, ipoe yenyewe. Amonia nyingi itatoka kwa hiyo hii haifanyiki jikoni wala darasani, na usishangae mwisho ukibaki na unga kidogo tu, nyingi imeondoka kama gesi.

Lakini ukifika hapo achana na methilini bluu. Yenyewe inameza mwanga wa kawaida na inaweza kuusukumia unga elektroni, ipauke hata kama unga wako hauna lolote chini ya LED, na kuna makala nyingi za utafiti zimekosolewa kwa sababu hiyo. Vigae vya unga wa njano vipime kwa naitreti, kando ya barabara, nyuma ya ile plastiki angavu ya kuezekea inayozuia UV, na pembeni yake vya titaniamu na vitupu kama kawaida.